Madaraja kwa saa ya maji: kutoka Sabaki hadi vichochoro vya Amu

Marehemu mjomba wangu alikuwa utingo wa malori ya chumvi ya Gongoni. Mgeni akija nyumbani kwetu Malindi, wengine walimpeleka kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Yeye alimpeleka Sabaki. Walishuka kwenye matatu, wakalikanyaga daraja mpaka ng'ambo, kisha akamteremsha chini kando ya nguzo na kumwambia atazame juu. "Huko juu ulikuwa unapita," alikuwa akisema. "Sasa ndio umelifikia daraja."

Huu ni mwongozo wa kuyazuru madaraja kwa mtindo wake. Nimeupanga kwa mtu anayelala Malindi na asiye na gari. Ukiwa na siku moja, fanya Sabaki asubuhi na Mida mchana. Ukiwa na mbili, ongeza Kilifi. Ukipata nne au tano, panda hadi Lamu, ambayo wenyeji huiita Amu. Huko hakuna daraja la kuvusha mtu bahari, lakini yapo madaraja ambayo wenyeji hupita chini yake kila siku bila kuinua kichwa.

Kwanza, tazama mwezi

Kabla hujauliza nauli, uliza mwezi una siku ngapi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndizo siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Hesabu ya pwani yetu ni nyepesi. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: saa nne ndipo yamejaa. Ukikosea dakika ishirini hakuna neno. Ukikosea saa sita umeharibu safari. Mara yangu ya kwanza Mida nilikwenda kama mtu anayekwenda posta, saa niliyopenda mimi. Nikakuta maji yamefika kwenye majani ya mikoko. Ndege hakuna, kaa hakuna, matope hayaonekani. Nililipa kiingilio, nikatazama maji, nikarudi.

Kwa hiyo chagua siku za bamvua, au moja mbili baada yake. Mifano yangu yote ya saa hapa chini ni ya siku hizo.

Majira nayo yana neno. Masika, kuanzia Aprili, mito huwa na nguvu na njia ya Lamu huweza kukatika. Kaskazi, Desemba hadi Machi, barabara ni kavu na ndege wahamiaji wapo. Mimi hupenda Januari.

Vya kubeba: kofia, maji, kitambulisho, na viatu vinavyofungwa. Nasisitiza viatu. Tope la Sabaki lilinivua ndara ya kushoto, nikaizika mkono hadi kiwiko nikiitafuta, na mpaka leo iko huko.

Sabaki: nenda jua likishatoka

Panda matatu za Mambrui, Gongoni au Marafa. Zote hupita hapo. Mwambie kondakta "darajani" mapema, maana dereva akishashika mwendo wa kuteremkia mtoni hapendi kusimama. Ni safari fupi, hata tuktuk itakufikisha, ila patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujakaa.

Usifike alfajiri. Huo mto una viboko na mamba, na kiboko aliyekuwa malishoni usiku kucha hurudi majini kunapopambazuka. Hupendi kuwa katikati yake na maji. Saa moja na nusu mpaka saa tatu panafaa: jua halijawa kali na wavuvi wako kazini.

Anza juu. Tembea pembeni ukielekeana na magari yanayokuja, ili uyaone kabla hayajakufikia. Simama katikati ya daraja ungoje lori lililoshiba chumvi. Litakapopanda utalisikia kwanza miguuni, mtetemo mdogo unaopanda hadi magotini, kisha ndipo ngurumo inafika masikioni. Shika ukuta wa pembeni kwa kiganja lori likipita. Zege nalo linatetemeka. Wengine hushtuka. Daraja refu huachiwa nafasi ya kucheza kidogo, na lisilocheza kabisa ndilo hupasuka.

Halafu tazama maji. Mto huu una majina matatu kabla haujaingia baharini. Huko juu bara unaitwa Athi. Ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana. Huku kwetu ni Sabaki. Rangi yake, ile ya chai ya maziwa iliyokolea, ni udongo wa mashamba na malisho ya bara unaochukuliwa na mvua. Ndio huohuo unaoipaka bahari ya Malindi rangi ya kahawia nyakati za mvua, watalii wakalalamika hotelini kwamba picha walizoonyeshwa zilikuwa za buluu. Udongo huo pia umeusogeza ufuo wa mji mbele kwa miaka mingi, na ukizidi huyafunika matumbawe. Kwa hiyo ukisimama pale darajani unatazama ardhi ya watu wengine ikihama.

Sasa teremka. Tafuta kijana wa kijijini akuongoze, wapo wanaojua ndege na wanaojua viboko walikolala, na hilo la pili ndilo la maana zaidi. Mlipe haki yake. Akuweke mahali pakavu kando ya nguzo, mbali na ukingo wa maji. Kutoka hapo tafuta mistari ya tope kavu kwenye nguzo, kila mmoja ni kimo cha maji ya siku fulani. Tazama pia magogo na matete yaliyonasa upande wa bara wa nguzo. Hayo ndiyo adui wa daraja kuliko malori. Mto ukifurika, takataka hizo huziba nafasi kati ya nguzo, maji hutafuta pa kupita na kuanza kuchimba chini, kwenye msingi, pasipoonekana na mtu.

Ukiwa na saa mbili za ziada, mwambie kijana akupeleke mlangoni mwa mto, unapokutana na bahari. Maji yakiwa yamepwa hutokea fungu pana la mchanga na matope, na baadhi ya miezi heroe hujipanga pale kwa mamia. Kuna ndege mdogo wa kahawia anayetoka Madagaska kuja kukaa hapa majira ya kusi. Wapenda ndege wa Ulaya husafiri kwa ajili yake peke yake. Mimi macho yangu humpoteza kila mara kwenye mchanga.

Kama bado una nguvu, matatu inayofuata itakufikisha Mambrui kwa chai na mahamri, na kaburi la kale lenye mnara. Si daraja, lakini bila daraja wengi wetu tusingeijua Mambrui.

Mida: daraja la mbao lisilofika ng'ambo

Rudi Malindi, kula, kisha panda matatu ya kusini, inayokwenda Kilifi au Mombasa. Pita njia panda ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wako wa kulia, na ushuke penye kibao cha daraja la Mida. Ukichanganyikiwa, mwendesha bodaboda yeyote wa Gede anapajua.

Hili ni daraja la kutembea, lililoning'inizwa kwa kamba kati ya mikoko, refu kama mita 260. Halivushi mtu kwenda popote. Linaanza nchi kavu, linapita msituni juu ya matope, na kuishia kwenye kibanda cha kuchungulia ndege mbele ya uwanda wazi wa hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Lilijengwa na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, na kiingilio chake huingia kwenye mpango wa karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Kwa hiyo usibishane bei pale langoni.

Saa ya kufika: maji yakiwa yanajaa, hayajajaa. Siku za bamvua yanaanza kurudi baada ya saa tano, na Mida huchelewa kidogo kwa kuwa mdomo wa hori ni mwembamba. Ingia kama saa saba. Jua litakuwa kali, ndiyo, lakini darajani kuna kivuli cha mikoko, na kuna sababu ya kuja muda huo. Maji yakiwa yamepwa kabisa ndege wametawanyika mbali, vitone tu. Yakianza kupanda yanawasukuma hatua kwa hatua kuelekea kibandani, na wewe umekaa kimya unawangoja. Kati ya Septemba na Aprili utawaona wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huja kutoka huko Arabuni na Ghuba, na Mida inajulikana kwa sababu yao.

Namna ya kutembea: mmoja mmoja, mkiachana hatua tano sita. Mkifuatana kwa karibu mwendo wenu unagombana na daraja linayumba vibaya. Ukihisi linakutupa, simama, piga goti kidogo, lingoje litulie. Mpwa wangu wa miaka saba alilipita akikimbia. Mimi nilishika kamba zote mbili.

Usiharakie kibandani. Nusu ya utamu uko chini ya miguu. Inama utazame tondo, konokono wa mikokoni, wakipanda vigogo, na kaa wenye gando moja kubwa wakipunga kama wanaita matatu. Jifunze miti: mkoko wenyewe ni ule uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi midogo iliyochomoza matopeni kama penseli, na ya mlilana hufanana nayo ila minene zaidi. Mkandaa ni mwembamba, ulionyooka. Yakumbuke maumbo haya, utakutana tena na miti hii Lamu ikiwa imelala juu ya kichwa chako.

Kilifi: mikono miwili iliyokutana

Kilifi ni njia ya katikati kati ya Malindi na Mombasa. Daraja lake lilifunguliwa mwaka 1991, lina urefu wa mita 420, na lilijengwa kwa msaada wa Japani. Kabla yake palikuwa na feri, na wazee wa Malindi bado husimulia foleni yake: mtu alishuka kwenye basi, akala korosho, akalala, akaamka, basi liko palepale.

Siku za bamvua fika saa tisa alasiri. Hapo hori limejaa na rangi ya maji inakwenda kwenye kijani. Kuna njia ya waendao kwa miguu pembeni. Livuke polepole kutoka upande wa mjini kwenda Mnarani. Upepo wa kusi huwa na nguvu huko juu, kofia ifunge. Ukiona askari, msalimie na uulize kabla ya kutoa simu kupiga picha. Neno moja la heshima huokoa nusu saa ya maelezo.

Ukishavuka usirudi juu. Teremka kwenye gati la zamani la feri na utazame tumbo la daraja. Utaona limenenepa kwenye nguzo na kukonda katikati. Liko hivyo kwa sababu ya namna lilivyojengwa: kutoka kwenye kila nguzo waliunyoosha mkono wa zege kipande kwa kipande, upande huu na upande ule kwa uzito uleule ili usiegemee, mpaka mikono ya nguzo mbili ikakutana juu ya maji. Hawakuhitaji kusimamisha miti ndani ya hori lenye kina. Tafuta kwa macho mahali mikono ilipokutana. Ni pale pembamba kabisa.

Magofu ya Mnarani yako hapohapo juu ya jabali, na misikiti yake na makaburi. Yapitie ukipenda, ila saa kumi na mbili kasorobo uwe umerudi mahali penye mwonekano wa hori. Miezi ya kaskazi ndege waitwao keremkerem wekundu huja kulala kwenye mikoko ya hori kwa makundi makubwa, na kwa dakika kama kumi hivi hakuna anayekumbuka daraja.

Tana: daraja ni rahisi, kabla na baada yake ndiko kwenye kazi

Sasa kaskazini. Panda basi la asubuhi linalokwenda Mokowe, na usikubali kusafiri usiku. Njia hii imewahi kuwa na mashambulizi, kuna vizuizi vya polisi, na kitambulisho kitatakiwa zaidi ya mara moja. Ulizia hali ya usalama siku hiyohiyo, usitegemee habari za mwezi jana.

Utapita Sabaki tena, mashamba ya chumvi, kisha nyika ndefu. Minjila barabara ya Lamu inakata kulia na kukushusha kwenye bonde la Tana, mto mrefu kuliko yote nchini. Daraja lenyewe utalipita kwa muda wa kumeza funda la maji. Kaa dirishani. Hapa basi halisimami ili utalii, kwa hiyo ile kanuni ya mjomba ya kuteremka chini iache kwanza.

Kinachostahili kutazamwa ni tambarare yake: mashamba ya Wapokomo, ng'ombe wa Waorma, na barabara iliyoinuliwa juu ya ardhi inayojaa maji. Mvua za Novemba 2023 ziliifunika barabara hii upande wa Gamba na Lango la Simba. Daraja lilikuwa limesimama na Lamu haifikiki. Watu walivuka kwa mashua mahali ambapo juma lililotangulia basi lilikuwa linapita. Tangu hapo nikisikia mvua kubwa bara, nampigia simu mtu wa Witu kabla sijakata tikiti, na wewe ufanye vivyo hivyo.

Amu: inua kichwa

Mokowe basi linakomea. Unapanda mashua, na dakika chache baadaye uko Lamu. Ukitaka kujua kwa nini hapa hakuna anayelilia sana daraja, kaa gatini dakika kumi uone mashua zinavyokwenda na kurudi. Hata wasafiri wa Pate wanaopita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hungoja maji yajae ndipo wapite. Unaona? Bado tunasoma mwezi.

Panga chumba, oga, lala. Kesho yake, saa mbili asubuhi au saa kumi alasiri, anzia mbele ya Ngome na uingie Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale. Huu ni mji ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na wengi huutembea wakitazama milango. Milango ni mizuri. Leo iache.

Kata kichochoro chochote kinachopanda kutoka baharini na uende polepole. Mara njia itaingia giza na ubaridi, kama umepita chini ya mti. Simama hapo. Juu yako kuna chumba kinachovuka njia kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hilo ndilo wikio.

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zikibanana, na mtu akitaka kumjengea bintiye hakuwa na pa kwenda ila juu. Kama nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya njia, wikio liliunganisha: likaongeza chumba, na likawapa wanawake wa ukoo mmoja nafasi ya kupita huku na huku bila kukanyaga njia ya watu. Aliye chini akapata kivuli cha bure.

Tazama dari. Zile nguzo za duara zilizolala sambamba ni boriti, na boriti ni mikoko, miti uliyoiona Mida ikiwa na kaa. Wakataji wa Lamu wana majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Juu ya boriti hupangwa vipande vya tumbawe, kisha chokaa. Uzito wote huo umebebwa na mti wa matopeni, na mti huo haubebi ukizidi urefu fulani. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu au zaidi kidogo, na ndiyo maana kichochoro chenye wikio hakiwezi kuwa kipana. Pima kwa mikono yako: wima, mikono wazi, mara nyingi utakaribia kugusa kuta zote mbili.

Mambo matatu ya adabu. Wikio ni nyumba ya watu, usielekeze kamera dirishani. Ukimkuta mzee amekaa barazani au kwenye daka la mlango chini yake, toa salamu na usubiri ijibiwe ndipo uulize habari za nyumba. Mara nyingi atakuonyesha mwenyewe boriti iliyoliwa na mchwa na iliyobadilishwa. Na usisimame katikati ya njia ukiwa umekodoa macho juu kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, nikihesabu boriti, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka nyuma yangu ikapigwa kelele "Simile!" nikabana ukutani na punda wawili wakanipita na mifuko ya saruji, mmoja akaniachia alama nyeupe begani. Nikaanza kuhesabu upya. Zilikuwa kumi na tisa.